Mwenyekiti wa mwaka mmoja, wa miaka mitatu, au kamati ya zamu? Tulinganishe kabla hamjaandika katiba

Wakuu habari za saa hizi. Ndani ya mwezi mmoja vikundi vitatu vya kujitolea vimeniuliza swali lile lile, eti kwenye katiba waandike mwenyekiti akae muda gani, na mpango wa kazi uwe wa mwaka au wa miaka mitano kama wa mashirika makubwa. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, ngoja niliandike lote kwa pamoja.

Nianze na kisa chetu maana ndo kilichonifungua macho. Kikundi chetu kiko Tanga, tunasafisha ufukwe upande wa Raskazone na tuna kachumba ka vitabu vya watoto, mshahara hakuna, posho hakuna, nauli kila mtu ajitegemee. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikaa miaka sita. Dada mchapakazi kweli kweli, akikupigia simu Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi unaamka hata kama umelala saa tisa. Akapata uhamisho kwenda Dodoma, tukamuaga kwa pilau na picha nyingi, Jumatatu yake tukagundua kikundi kizima kimepanda basi naye. Namba ya kupokelea michango ilikuwa laini yake, na laini siku hizi inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, huwezi kumkabidhi mwenzio kama funguo ya stoo. Waliokuwa wanatupatia glavu na magunia walikuwa wanamjua yeye. Ratiba ya mwaka ilikuwa kichwani kwake. Na hakuiba hata mia, alifanya kazi zetu zote na sisi tukawa tunapiga makofi tu.

Kwa hiyo nikisema nalinganisha njia hizi, jueni naangalia zaidi ile siku ya makabidhiano. Siku za kawaida njia zote zinafanya kazi.

Kiti cha mwaka mmoja

Hii ndo ya Rotary, Lions na JCI, zile klabu za kujitolea za kimataifa. Wengi wetu tukiiga tunachukua ile juu juu, kwamba kiongozi anakaa mwaka mmoja anatoka, basi. Ukiingia ndani ni kitu kingine kabisa. Rotary, iliyoanzia Chicago mwaka 1905, mwaka wao unaanza Julai 1 na rais wa klabu anatumikia mwaka mmoja kweli, lakini anachaguliwa miezi isiyopungua 18 kabla hajashika kiti, halafu mwaka mzima kabla ya zamu yake anaitwa rais mteule, anakaa kwenye bodi anaangalia mwenzie anavyofanya, anapelekwa semina ya marais wateule, na akishamaliza mwaka wake anabaki tena kwenye bodi mwaka mwingine kama rais aliyetoka. Piga hesabu hapo, kiti cha mwaka mmoja kinabeba zaidi ya miaka mitatu ya mtu. Lions, wa 1917, nao wana ngazi yao, makamu wa pili, makamu wa kwanza, ndipo rais. JCI ni ya vijana wa miaka 18 hadi 40, wao wanakwenda Januari hadi Desemba. Toastmasters, wale wa klabu za kujifunza kuongea mbele ya watu, wamezidi, klabu inayokutana kila wiki inaruhusiwa kuchagua viongozi wa miezi sita sita.

Sasa sisi wa vikundi vya mtaani tunachukua mwaka mmoja tunaacha mteule. Ni kama kununua baiskeli ukaacha mnyororo dukani.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtu anakubali. Mwombe mama mwenye watoto watatu na genge la mboga awe mwenyekiti kwa miaka mitatu, atakuambia nitafikiria na humwoni tena. Mwambie mwaka mmoja, na mwenzio wa mwaka jana yupo pembeni yako, anakubali. Na baada ya miaka mitano sita mnakuwa na wazee wa kikundi watano sita wanaojua kiti kinavyouma, hawa hawalalamiki hovyo kwenye grupu la WhatsApp.

Ubaya sasa. Mwaka wa kujitolea hauna miezi 12, nawaapia. Kwetu Tanga toa Ramadhani, toa masika ya Machi hadi Mei ambapo ufukweni hakuendeki vizuri, toa Desemba ambapo nusu ya watu wamekwenda makwao, halafu toa miezi miwili ya mwanzo ambayo mwenyekiti mpya anauliza kila kitu kiko wapi. Hata kama Ramadhani na masika vimepishana au vimegongana mwaka huo, unabaki na miezi mitano, sita ukibahatika. Na kuna ugonjwa mwingine, kila mwenyekiti anakuja na mradi wake ili akumbukwe, mwaka huu miti, mwaka ujao taulo za kike za mashuleni, mwaka mwingine bonanza la mpira. Vyote vizuri, hakuna hata kimoja kinachofika mwisho. Ile miti yetu ya mwaka wa pili iliyobaki ni minne, na mmoja kati ya hiyo nadhani uliota wenyewe.

Kiti cha miaka mitatu (au mitano)

Hii ndo iliyojaa kwenye katiba nyingi nilizosoma, "miaka mitatu na anaweza kuchaguliwa tena", bila kusema tena mara ngapi. Wengine wameandika mitano, na ukiwauliza kwa nini mitano hawajui, wamezoea tu kuona mwenyekiti wa mtaa au kijiji anachaguliwa hivyo, 2014, 2019, 2024. Lakini mwenyekiti wa mtaa ana mtendaji pembeni yake ambaye ameajiriwa, anatunza mafaili na anaingia ofisini kila siku. Kikundi chako kina mtendaji? Hakina. Kwa hiyo mmechukua muda wa kiti cha serikali bila ile miguu yake.

Faida ipo, nisiwe mchoyo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anamzoea mtu, shule inamzoea mtu, kama mnafuatilia kiwanja au jengo jambo hilo linakula miaka miwili na barua zinatakiwa zimfuatilie mtu mmoja mwenye kumbukumbu. Kiongozi wa miaka mitatu pia anathubutu kuanza kitu ambacho matunda yake hayaonekani mwaka wa kwanza.

Hasara yake mmeshaiona kwenye kisa cha juu. Watu wanalala. Mwaka wa kwanza wanasaidia, wa pili wanashauri, wa tatu wanaangalia status. Na kiongozi mwenyewe akichoka mwaka wa pili hana mlango wa heshima wa kutokea, anaanza kukosa vikao, anajibu meseji kwa dole gumba, na kikundi kinanyauka kabla ya uchaguzi.

Hapo ndo huwa namkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1985 aling'atuka urais, neno lenyewe katuletea toka Kizanaki, ila uenyekiti wa CCM alibaki nao mpaka 1990. Wapo wanaosema ilikuwa busara ya kumshika mkono mgeni, na wapo wanaosema mgeni alikaa miaka mitano na mwenye nyumba bado yuko sebuleni. Mimi kwa kikundi cha kujitolea nasema mwaka mmoja wa kushikana mikono unatosha, na anayetoka abaki kwenye kamati kwa ushauri tu, saini na paswedi aache.

Kamati ya zamu

Hii watu wengi hawaijui vizuri kwa hiyo nieleze taratibu. Mna kamati ya watu 9, kila mmoja anatumikia miaka mitatu, lakini hawatoki wote siku moja, kila mwaka wanatoka 3 wanaingia 3. Mwaka wa kuanza mnaokota vikaratasi, nani kaangukia mwaka mmoja, nani miwili, nani mitatu, baada ya hapo kila anayeingia anapewa mitatu kamili. Mwenyekiti anachaguliwa na kamati yenyewe kutoka ndani yake, kila mwaka.

Kwa kutunza kumbukumbu haina mpinzani, wakati wowote mna watu sita walioona mwaka uliopita. Tatizo inataka watu 9 wa kweli. Kikundi cha watu 14 chenye kamati ya 9 ni kichekesho, wanabaki watano wa kuongozwa. Mkiwa wachache fanyeni kamati ya 6, wanatoka 2 kila mwaka. Na inataka katibu makini wa kujua zamu ya nani imeisha, vinginevyo mwaka wa tatu mnabishana nani aliokota karatasi gani.

Nimezipanga pamoja hapa kwa wale wanaosoma kwa haraka kwenye daladala:

| | Mwaka mmoja na mteule | Miaka mitatu | Kamati ya zamu |
|---|---|---|---|
| Kumpata mtu | rahisi | ngumu, ukimpata hamwachi | wastani, ila mnahitaji wengi |
| Makabidhiano | kila mwaka, mnazoea | mara chache na yanauma | kidogo kidogo |
| Mambo marefu (kiwanja, jengo) | inasuasua bila mpango mrefu | nzuri | nzuri |
| Hatari kubwa | kila mtu na mradi wake | kikundi kuwa mali ya mtu | vikao vingi, maamuzi polepole |
| Ukubwa unaofaa | watu 12 na kuendelea | wachache sana, au wenye mali | 25 na kuendelea |

Hizo namba za mstari wa mwisho ni za kwangu kwa niliyoyaona, msizichukue kama sheria.

Kitu ambacho hakimo kwenye jedwali: saini za benki

Hapa ndo watu wanakwama na hawaambiwi. Tulipohamia kiti cha mwaka mmoja tulibadilisha na watia saini wote, mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Benki (jina siitaji) wakataka muhtasari wa mkutano uliosainiwa, barua ya utambulisho, picha za pasipoti, vitambulisho, fomu mpya, kisha muhtasari ukawa na jina moja limeandikwa tofauti na kitambulisho, rudi. Tulianza Julai tukamaliza karibu Oktoba, na mwezi Agosti tulikopa hela ya magunia kwa mtu mfukoni wakati akaunti ina hela.

Dawa tuliyoipata ni kwamba mwenyekiti si lazima awe mtia saini. Watia saini wawe mweka hazina na wanachama wengine wawili wanaoaminika, wa miaka mitatu, na wasitoke mwaka mmoja wote. Mwenyekiti anaidhinisha kwenye kikao, inaandikwa kwenye muhtasari, wenye saini wanakwenda benki. Akibadilika kila mwaka benki hawahusiki.

Hili wala si la kwenda kusomea mbali. Mama zetu wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanalo siku zote. Ule mfumo wa kisanduku ambao shirika la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991 na huku kwetu ukazaa VICOBA na ndugu zake, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na wanachama watatu ambao si viongozi, wahesabu hela ni wengine wawili, kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Mzunguko ukiisha, miezi tisa mpaka kumi na mbili, wanagawana na kuchagua viongozi upya. Mwenyekiti wa kikoba akihama leo usiku, kesho sanduku linafunguliwa kama kawaida. Kikundi chetu chenye wasomi na laptopu hakikuwa na hilo.

Mpango: mwaka mmoja, miaka mitano, au karatasi inayosogea

Mpango mkakati wa miaka mitano mnaufahamu, dira, dhamira, maadili ya msingi, kurasa arobaini, picha ya watoto wanacheka kwenye jalada. Kama mna waajiriwa, mna ofisi, mna mfadhili anayeuomba, andikeni. Shirika lililosajiliwa chini ya ile Sheria ya NGO Na. 24 ya mwaka 2002 lina ripoti za kupeleka kila mwaka, kwa hiyo karatasi zina kazi yake. (Wa Kenya angalieni kwanza hati yenu inawaweka wapi, maana kikundi cha jamii cha ile sheria ya 2022 na shirika la manufaa ya umma la sheria iliyoanza kutumika Mei 14, 2024 havina masharti sawa.) Lakini kikundi cha watu ishirini wa kujitolea kuandika kurasa arobaini ni kujichosha, nimeona mmoja umekaa kabatini mpaka panya wakausoma.

Mpango wa mwaka mmoja ni mtamu, mfupi, unabandikika ukutani. Kasoro yake inajificha: ukiwa na kiti cha mwaka mmoja na mpango wa mwaka mmoja, vyote vinakufa siku moja. Mwenyekiti mpya anakuta meza tupu, na mwenye meza tupu lazima aanzishe mradi wake. Ile miti yetu minne ndo ilikotokea.

Kwa hiyo mimi nasimama na karatasi moja ya miaka mitatu inayosogezwa kila mwaka. Inakwenda hivi. Mnaandika mwaka wa kwanza kwa undani, mwezi kwa mwezi, nani anafanya nini. Mwaka wa pili mistari mitano sita. Mwaka wa tatu mistari miwili mitatu tu ya kule mnakotaka kufika. Mwaka wa kwanza ukiisha mnaukata, wa pili mnauandika kwa undani, mnaongeza mwaka mpya mwishoni. Mwenyekiti anayeingia anarithi miaka miwili ambayo tayari wanachama walishakubaliana, na ana nafasi ya kuongeza mmoja wa kwake. Kumbukeni na yeye alikuwepo kama mteule wakati inaandikwa, kwa hiyo hawezi kusema mmenibambikia. Hata mkichagua kiti cha miaka mitatu au kamati ya zamu, hapa msilegeze, karatasi lazima ivuke muda wa anayekaa kitini.

Malengo yahesabike. Toastmasters wana kitu kizuri hapa, klabu inapewa malengo 10 kwa mwaka na kila mtu anaona yamefikiwa mangapi. Sisi tumechukua matano maana kumi kwetu ni mengi. "Kuhamasisha jamii kuhusu mazingira" tulifuta, tukaandika "usafi mara 14, na kila mara tupime magunia".

Sasa bajeti, na siongelei hela. Bajeti ya kujitolea ni masaa ya watu. Orodha yetu ina majina 25, daftari la mahudhurio linasema wanaokuja kweli ni 9. Basi panga kwa 9. Watu 9, masaa matatu, mara mbili kwa mwezi, hayo ni masaa 54 kwa mwezi, 648 kwa mwaka. Usafi mmoja unakula 27. Mkifanya 14 zimeondoka 378, zimebaki 270 za vikao, za maktaba, za kuandika barua, za kumfuata mtu wa magunia. Tulipoiweka hivi ubaoni bonanza la mpira likajifuta lenyewe bila mtu kugombana na mtu. Huko nyuma tungepiga kura, walioshindwa wangesusa.

Na tafuteni mawimbi ya kupanda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Tanzania ni ya usafi nchi nzima, Rwanda nako ndo siku ya Umuganda, sisi usafi mwingi tumeuweka siku hiyo kwa sababu ndo rahisi kuomba gari la taka. Mwaka wetu tumeuanzisha Julai 1, unaenda sambamba na mwaka wa fedha wa serikali, ukienda halmashauri kuomba kitu mnaongea kalenda moja.

Kwa hiyo uchague ipi

Kikundi cha chuo au cha vijana wa sekondari, msijisumbue, mwaka mmoja, maana kiongozi anamaliza masomo anaondoka mtake msitake, ila mteule achaguliwe toka kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na mlezi atunze funguo na nyaraka. Mkiwa chini ya watu kumi kamati ya zamu hamuiwezi, chukueni miaka mitatu mwisho vipindi viwili, na mlazimishe makamu aendeshe vikao vyote vya mwezi mmoja kila robo mwaka wakati mwenyekiti yupo amekaa kimya (kukaa kimya ndo kugumu). Mna gari, jengo, au watoto mnaowalea, kamati ya zamu, hata kama inachelewesha, vitu hivyo haviwezi kutegemea mood ya mtu mmoja. Vikundi vilivyoandikishwa ili kupata ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nyie mna deni la kurejesha pamoja, mada yenu ni nyingine, tutaongea siku nyingine.

Wengine wote, mwaka mmoja na mteule, mweka hazina wa miaka mitatu, karatasi inayosogea. Ndo tuliyomo sisi sasa hivi na huu ni mwaka wa tatu. Haijanyooka yote, mwaka jana mteule alipata kazi nje ya mkoa mwezi Aprili, ikabidi aliyekuwepo aongezewe miezi sita na akanuna.

Mteule wa Julai hii ni kijana fundi friji, vikao hapendi kuongea kabisa, mpaka watu walinong'ona tumekosea. Juzi kanitumia picha ya daftari lake, kaandika majina na namba za watu 11 ambao yule dada wa Dodoma alikuwa anawajua yeye tu, kampigia jioni moja wakaongea karibu masaa mawili. Kabakiza mmoja, mzee mwenye mtumbwi anayetubebea taka za upande wa mikoko. Hana simu, kasema Jumapili atamfuata huko huko maji yakitoka.